Sabufa Hurekebishwa Kuanzia Mlangoni

Mpwa wangu alinunua Toyota IST, na kabla hata hajabadilisha matairi akafunga sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Jumapili moja akapita nyumbani. "Shikamoo mjomba. Njoo usikie mziki, halafu uniambie kwa nini unanichosha." Nikaketi kiti cha mbele, akawasha redio. Ilikuwa saa ya habari. Mtangazaji, mwanaume mwenye sauti nzito, alikuwa anasoma bei za mafuta. Nusu ya sauti yake ilitoka kwenye dashibodi na nusu ikatoka nyuma, kana kwamba kuna mtu amelala juu ya tairi la akiba anamwitikia.

Baada ya hapo sikuhitaji wimbo wowote. Nilifungua buti nikamulika amplifaya kwa tochi ya simu. Nobu ya krosova, ile iliyoandikwa LPF, ilikuwa imezungushwa hadi mwisho, hezi 250. Sauti ya mwanaume akizungumza kawaida huanzia kati ya hezi 85 na 180 hivi. Kwa maneno mengine, fundi alikuwa ameipa sabufa ruhusa ya kusoma habari.

Krosova ni mgawanyo wa kazi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na hakuna spika moja inayoweza kuyabeba masafa yote hayo vizuri. Sabufa ina koni pana na nzito, inasukuma hewa nyingi kwa mwendo wa polepole. Spika ya mlangoni ni nyepesi na hugeuka haraka, lakini ukiipa besi nzito inahema. LPF huiambia sabufa ichukue masafa ya chini tu na yaliyobaki iwaachie wenzake. HPF hufanya kinyume chake kwa spika za mlangoni. Wengi wanadhani namba waliyoiweka ni ukuta, kwamba ukisema 80 basi 81 haipiti. Sivyo. Ni mteremko. Amplifaya nyingi za gari zina mteremko wa desibeli 12 kwa oktava, yaani kila masafa yanapozidi mara mbili, sauti inashuka kwa desibeli 12. Ukiweka krosova kwenye 80, mlio wa hezi 160 bado unatoka kwenye sabufa, ila kwa nguvu ya karibu moja ya kumi na sita. Sasa fikiria IST ya mpwa wangu: krosova iko 250, na sabufa bado inanong'ona kwenye 500, ambako kuna kila kitu, kuanzia gitaa la kati mpaka mama anayehojiwa sokoni.

Ukimuuliza fundi yeyote aweke wapi, atakujibu themanini. Jibu si baya, na lina sababu. Sauti husafiri angani kama meta 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 80 lina urefu wa meta 4.3, refu kuliko IST yenyewe. Masikio yetu, yaliyoachana kwa upana wa kichwa tu, hayawezi kujua wimbi la namna hiyo limetokea upande gani. Ndiyo maana sabufa inaweza kukaa nyuma na bado ukaamini mdundo unatoka mbele pamoja na mwimbaji. Kwenye hezi 200 wimbi lina meta 1.7, kimo cha mtu mzima, na hapo sikio linaanza kuonyesha kidole kwenye buti.

Lakini themanini ni mahali pa kuanzia. Jibu lenyewe liko mlangoni, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanainama kwenye buti nusu saa nzima wakizungusha nobu, ilhali spika zinazoamua mpaka uwe wapi ziko mbele karibu na magoti yao.

Fanya hivi. Zima sabufa kabisa. Kama redio ina sehemu ya kuizima, itumie, kama haina, chomoa waya wa sabufa kwenye amplifaya. Weka ikwalaiza ya redio katikati, kila mstari sifuri, na uondoe vikorokoro vyote vya kunenepesha besi. Cheza wimbo unaoujua kwa kiwango unachosikilizia ukiwa barabarani, si kile unachowaonyeshea marafiki. Kisha weka mkono kwenye kitambaa cha mlango na usikilize. Spika iliyozidiwa haifichi: ngoma ya mguu inapogonga, inatoa mlio mkavu kama kofi kwenye ndoo ya plastiki, na sauti ya mwimbaji inayumba kila mdundo unapopita. Ingia kwenye mipangilio ya redio, tafuta HPF ya spika za mbele, anza na 60 au 63. Panda hatua kwa hatua: 80, 100. Kuna hatua moja ambayo mlango utanyamaza kugonga na mwimbaji atatulia. Simama hapo. Hiyo ndiyo namba yako, na hujagusa sabufa bado.

Spika za inchi 6 na nusu zilizofungwa vizuri kwenye mlango usiovuja, mara nyingi zitatulia kwenye 80. Spika za karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani, zenye miaka kumi na tano ya jua na vumbi, huenda zikataka 100. Zile ndogo za inchi 4 zitataka 120 au zaidi, na mwenye nazo ana kazi ngumu, maana sabufa italazimika kupanda kuzifuata na mtangazaji ataanza tena kurudi nyuma. Katika hali hiyo ushauri wangu ni kununua spika nzuri za mlango kabla ya kununua sabufa kubwa zaidi. Sijawahi kumpa mtu ushauri huo akaupokea kwa furaha.

Kuna magari ambayo redio yake haina HPF kabisa. Redio nyingi zilizokuja na gari ziko hivyo, zile ambazo FM yake inaishia 90 kwa sababu ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, na menyu yake ni ya herufi ambazo wengi wetu tunazisoma kwa kubahatisha. Njia ya bei nafuu ni kapasita isiyo na chanya na hasi, moja kwa kila spika, inayoungwa kwenye waya wa chanya. Kwa spika ya omu 4, kapasita ya mikrofaradi 470 hukata kuanzia hezi 85 hivi. Ya 220 hukata kuanzia 180, ambayo ni juu mno kwa kazi hii. Mteremko wake ni mpole, desibeli 6 tu kwa oktava, lakini mlango utapumua. Usikubali kuwekewa zile kapasita za kawaida zenye mstari wa hasi ubavuni. Hazikutengenezwa kwa umeme unaogeuka mbele na nyuma kama huu, na zikichoka hupasuka.

Sasa nenda kwenye buti. Jambo la kwanza, hakikisha amplifaya iko kwenye LPF na si FULL. Swichi hiyo ndogo imewapotezea watu wikiendi nzima. La pili, amua ni nani atakayekata. Kama redio ina LPF yake ya sabufa, tumia hiyo, na nobu ya kwenye amplifaya ipeleke mwisho wa juu isiingilie. Kama redio haina, tumia ya amplifaya. Usiziweke zote mbili 80 bila kujua unachofanya. Kila moja hupunguza desibeli 3 pale kwenye 80, jumla 6, na mteremko unakuwa wa 24 badala ya 12. Wapo wanaofanya hivyo makusudi: mpangilio wa namna hiyo unabeba majina ya Linkwitz na Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard, na Siegfried Linkwitz aliueleza kwa maandishi mwaka 1976. Lakini wao walikata pande zote mbili kwa mteremko uleule. Ukiukata upande wa sabufa peke yake, unachimba shimo katikati ya besi, halafu unakuja kulalamika kwamba sabufa haina nguvu.

Na nobu yenyewe usiiamini sana. Alama zake ni za kukadiria. Kwenye amplifaya nyingi imeandikwa 50 upande mmoja na 250 upande mwingine, mtu anadhani katikati ni 150. Mara nyingi katikati ni 100 au chini ya hapo, maana hatua za nobu hazilingani. Kama una multimita, hata ya bei ndogo, unaweza kuijua ilipo kweli. Tafuta kwenye simu milio safi ya hezi 40 na 80, ipo mingi ya bure. Chomoa sabufa, weka multimita kwenye volti za AC, gusa vituo viwili vya sabufa pale kwenye amplifaya. Peleka nobu ya LPF mwisho wa juu, cheza mlio wa 40, ongeza sauti kidogo kidogo hadi usome volti 10. Usiguse sauti tena. Badilisha uweke mlio wa 80, kisha zungusha LPF ukishuka taratibu hadi multimita isome 7. Hapo umefika kwenye 80 ya kweli, kwa sababu filta nyingi za gari huhesabu mpaka wake pale sauti iliposhuka desibeli 3, ambayo ni asilimia 70 ya volti. Chukua rangi ya kucha, weka nukta. Mimi nilimwomba mke wangu, akanipa ile iliyokauka nusu. Nukta hiyo ya waridi iko kwenye amplifaya yangu mpaka leo, na iko mbali kidogo na pale palipoandikwa 80.

Hapo ndipo ufunge milango. Nasema hivi kwa sababu mafundi wetu wana desturi moja ambayo imeharibu mziki wa magari mengi kuliko waya mbovu: wanarekebisha buti likiwa wazi. Unafika, wanakufungulia buti na milango yote minne ili wewe na wapita njia msikie, nobu zinazungushwa mpaka kila mtu anatikisa kichwa, unalipa, unaondoka. Ukifunga vioo barabarani, kichwa kinauma. Gari lililofungwa ni chumba kidogo. Mawimbi yakishakuwa marefu kuliko chumba kinavyoweza kuyabeba, hewa yote ya ndani hubanwa na kuachiwa kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli uliyoziba mdomo kwa kidole. Chumba chenye urefu wa meta 2.75 kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma huanza tabia hiyo kwenye hezi 62 hivi, na kuanzia hapo kwenda chini besi inapanda yenyewe bila wewe kuongeza chochote. Ukiacha mlango wazi, zawadi hiyo inamwagika nje. Kwa hiyo rekebisha vioo vikiwa juu, milango imefungwa, mtu mmoja kwenye kiti cha dereva. Na injini iwe inanguruma: betri peke yake ina volti 12.6 ikiwa imejaa, altaneta ikifanya kazi inapanda hadi 13.8 au 14.4, na amplifaya hutofautiana tabia kati ya hali hizo mbili.

Kwa sababu ya pampu hiyo, mara nyingi sabufa huishia chini kidogo ya mlango: mlango 80, sabufa 70, au hata 63. Usiogope pengo hilo kwenye karatasi. Ndani ya gari halipo.

Namna ya kujua umepatia ni kusikiliza gitaa la besi, si ngoma. Ngoma inagonga sehemu moja, ikilia vizuri hapo inakudanganya kwamba kote ni vizuri. Besi inatembea. Nyuzi nne za gitaa la besi zikipigwa wazi zina hezi 41, 55, 73 na 98. Ukiangalia namba hizo utaona kwamba mpaka wa 80 unapita kati ya nyuzi mbili za mwisho, wa 73 na wa 98. Chukua basi wimbo wowote wa dansi la zamani, Mlimani Park au TPOK Jazz ya Franco, ambamo besi inapanda na kushuka ngazi bila haraka, na usikilize inapovuka. Kila hatua inapaswa kuwa na uzito unaofanana. Kama kuna hatua moja inayovimba na kufanya kioo cha pembeni kitetemeke, sabufa na mlango wote wawili wanaipiga. Shusha LPF kidogo. Kama kuna hatua inayopotea, mpiga besi kana kwamba ameshika uzi akasahau kuupiga, kuna shimo. Pandisha LPF, au geuza fezi kama nitakavyoeleza hivi punde. Amapiano na singeli zina raha yake, lakini usirekebishie hizo. Singeli haikupi nafasi ya kusikiliza chochote kabla hakijapita.

Fezi ni ile swichi ya 0 na 180. Watu wengi hawaigusi, nami kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwao. Koni ya sabufa na ya mlangoni zinapaswa kusukuma pamoja. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, pale mpakani zinauana. Kuna ubaya zaidi: filta zenyewe za desibeli 12 huchelewesha upande mmoja na kuwahisha mwingine, kiasi kwamba hata nyaya zikiwa sawa, sauti inaweza kukutana ikiwa kinyume. Hesabu ya kichwani haitakusaidia. Kaa kwenye kiti, cheza mlio wa 80 milango na sabufa vikiwa vinafanya kazi, mtu mwingine ageuze swichi. Nafasi yenye sauti kubwa zaidi ndiyo sahihi. Kama amplifaya haina swichi, badilishana nyaya mbili za sabufa, chanya kwa hasi, haina madhara.

Gaini inakuja mwisho, na nobu ya kuongeza besi ikiwezekana isije kabisa. Gaini si sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na nguvu inayotoka kwenye redio, iwe volti 2 au 4. Iongeze hadi besi ikae sawa na mwimbaji, basi. Nobu ya besi, ambayo kwenye amplifaya nyingi imeelekezwa kwenye hezi 45, ukiifikisha desibeli 12 unadai nguvu mara kumi na sita pale palepale. Sabufa yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Fundi niliyempelekea alipeleka gaini mwisho, besi mwisho, krosova mwisho, akanipa mkono. Kwa wiki tatu nilikuwa mfalme wa mtaa. Wiki ya nne, kwenye foleni ya jioni, nikaanza kunusa kitu kama plastiki na nywele vikiungua pamoja, nikadhani ni lori la mbele. Ilikuwa ni koili ya sabufa. Amplifaya iliyozidiwa hukata vichwa vya mawimbi, koili inapokea joto kuliko inavyoweza kujipooza, na gundi yake inayeyuka. Nilipoisukuma koni kwa vidole ilikwaruza ndani kama mchanga kwenye sufuria.

Kwa wenye boksi la tundu, neno moja: kuna filta ya tatu, ile ya kukata masafa ya chini kabisa. Chini ya masafa ambayo boksi limetungiwa, hewa ya ndani haiishiki koni tena, nayo inaruka ovyo mpaka igonge. Kama boksi limetungiwa 35, weka filta hiyo kwenye 28 au 30. Mwenye boksi lililozibwa hana shida hiyo.

Tuliporudi ndani ya IST, milango ilikuwa imetulia kwenye 80, sabufa 70, fezi tumeigeuza, besi ya nyongeza sifuri. Mpwa wangu alifunga mlango akawasha redio. Taarifa ilikuwa imefika kwenye michezo, mtangazaji yuleyule, safari hii yuko mbele mzima mzima, katikati ya kioo. Akabadilisha akaweka wimbo. Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mjomba, umezima sabufa?"

Nikamwambia aende nyuma akahakikishe. Akashuka, akazunguka gari, akaweka kiganja chake juu ya buti, akakiacha pale mpaka wimbo ukaisha.